Bafa ya Uani: Kasoro za Uchoraji wa Herufi za Lugha za Migori na Homa Bay katika Kompyuta

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo wanaisimu wamezoea kuwaachia mafundi wa kompyuta, nalo ni namna herufi zinavyochorwa mahali pasipoonekana kabla ya kuletwa kwenye skrini, na jinsi ya kuitafuta kasoro pindi mchoro huo unapoharibika. Sababu ya kulileta jambo hili mbele ya wasomaji wa jarida la lugha ni hii. Lugha za kaunti za Migori na Homa Bay, yaani Kikuria, Kisuba na Dholuo, zina sauti ambazo herufi za kawaida za Kilatini hazitoshi kuziandika. Mtafiti aliyezinukuu sauti hizo kwa uangalifu huenda akafungua kazi yake siku moja katika programu ya kamusi au ya masomo akakuta alama za toni zimekatwa vichwa, au zimehamia herufi ya jirani, au pametanda weusi mtupu. Hapo hulazimika kuamua la kufanya, na mara nyingi huamua vibaya: huyabadilisha maandishi ili picha ipendeze.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke, yafaa tuanze na Kikuria. Lugha hii ya Kibantu, ambayo katika orodha ya Guthrie imepewa alama E43, huzungumzwa Kehancha, Isebania na Ntimaru upande wa Kenya, na Tarime upande wa Tanzania. Ina irabu saba. Irabu mbili kati ya hizo, yaani e iliyo wazi na o iliyo wazi, huandikwa na wanafonetiki kwa herufi ɛ na ɔ. Neno la ndizi, eɣetɔɔkɛ, linazo zote mbili, pamoja na konsonanti ɣ ambayo nayo haimo katika kibodi ya kawaida.

Toni ndiyo yenye mambo zaidi. Cammenga katika kitabu chake cha mwaka 2004, Mwita katika tasnifu yake ya mwaka 2008, kisha Marlo, Mwita na Paster katika makala yao ya mwaka 2015, wamechunguza jinsi toni ya juu inavyopangwa katika kitenzi cha Kikuria. Mashina ya vitenzi hayatofautiani kwa toni ya kimsamiati. Wakati na hali ya kitenzi ndivyo vinavyoamua toni ianzie wapi: katika mora ya kwanza ya shina, au ya pili, au ya tatu, au hata ya nne. Shina likiwa fupi mno, hesabu inaweza kuendelea hadi katika neno linalofuata. Kwa hiyo alama ndogo iliyo juu ya irabu inabeba maana ya wakati, na ikisogea mora moja tu, msomaji aliye mbali na mzungumzaji atasoma kitenzi kingine.

Msomaji na aikumbuke hoja hiyo ya kusogea mora moja, kwa maana tutairudia.

Sasa tuingie katika kompyuta yenyewe. Picha tunayoiona kwenye skrini ni jedwali la nukta za rangi, yaani pikseli, lililohifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine. Sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa kazi hii huitwa bafa. Mwaka 1973 Richard Shoup, akiwa katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, alikamilisha mtambo wa kuchorea ulioitwa SuperPaint, ambao bafa yake ilikuwa na biti 8 kwa kila pikseli. Wakati huo kumbukumbu ya kiasi hicho ilikuwa anasa. Leo skrini ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 4, inahitaji baiti 8,294,400 kwa picha moja, na hata simu ya mkononi hutenga bafa kadhaa za namna hiyo bila kulalamika.

Kumbukumbu ilipokuwa rahisi ndipo iliwezekana kuchora pasipoonekana. Badala ya kuichora picha moja kwa moja mbele ya mtazamaji, programu huiandaa kwanza katika bafa nyingine isiyounganishwa na skrini, na ikishakamilika huinakili au huibandika mbele. Faida zake ni mbili. Kwanza, mtazamaji haoni picha ikichorwa nusunusu na kupepesa. Pili, kitu kilichochorwa mara moja kinaweza kutumiwa tena mara mia. Herufi ni mfano bora wa faida hii ya pili. Programu nyingi huichora kila herufi mara moja tu katika bafa kubwa iliyogawanywa vyumbavyumba, kisha kila inapohitajika hunakiliwa kutoka chumba chake.

Tunaiitaje bafa hii kwa Kiswahili? Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia zaidi istilahi anazozihitaji mtumiaji anayefungua, anayehariri na anayehifadhi faili. Istilahi za mtunzi wa programu zilibaki nyuma. Wapo wasemao "bafa ya nyuma" na "bafa ya mbele", lakini maneno hayo yanapotosha kidogo, kwa sababu bafa ya namna hii haiko nyuma ya kitu chochote, haionekani tu. Mwandishi wa makala haya anapendekeza "bafa ya uani" na "bafa ya barazani". Katika nyumba ya Kiswahili chakula hupikwa uani na kuandaliwa huko, mgeni aliyeketi barazani akaletewa kikiwa tayari. Asichokiona mgeni hakikosi kuwapo kwa kuwa hakukiona. Mtu anaweza kupinga kwamba mpangilio huo ni wa pwani, na kwamba boma la Mjaluo wa Karachuonyo au la Mkuria wa Ntimaru halijengwi hivyo. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo neno "uani" limekwisha kusafiri mbali na pwani, na wazo la jiko lililojitenga na mahali pa kupokelea wageni si geni katika maboma hayo.

Tuchukue basi programu ya kamusi ya sauti na picha ya Kikuria. Kila kidahizo huchorwa kwanza katika bafa ya uani, kisha hubandikwa kando ya kitufe cha kusikilizia. Kasoro inapotokea, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: kilichoharibika ni maandishi au ni picha ya maandishi? Watu wengi hulipita swali hili, na kulipita kumewagharimu.

Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, bali nambari yake. Katika mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991, herufi ɔ ina nambari 0254, herufi ɛ ina 025B, na mkwaju wa toni ya juu unaowekwa juu ya herufi yoyote una 0301. Herufi é ya Kifaransa ina nambari yake moja iliyokamilika, 00E9. Herufi ɛ yenye mkwaju haina nambari moja ya namna hiyo. Huandikwa kwa nambari mbili zinazofuatana, 025B na 0301, na ɔ kadhalika. Kwa hiyo katika neno lile lile la Kikuria, irabu e yenye toni huweza kuwa kitu kimoja kwa mashine, na irabu ɛ yenye toni ikawa vitu viwili. Programu iliyotungwa na mtu aliyeyajaribu maandishi ya Ulaya Magharibi peke yake itaichora ya kwanza vizuri na kuiharibu ya pili. Mtafiti akiona kwamba kasoro zote ziko juu ya ɛ na ɔ, na irabu nyingine ni salama, basi ameshaupata ushahidi mkubwa bila kufungua programu yoyote.

Kuna namna tatu za uharibifu huu zinazofaa kutenganishwa.

Ya kwanza ni kukatwa. Programu hupima urefu na upana wa herufi ili iitengee chumba katika bafa ya uani. Ikiwa imepima nambari ya kwanza peke yake, yaani ɛ bila mkwaju, chumba kitakuwa kifupi, na mkwaju utaangukia nje ya mipaka ambako hakuna kinachochorwa. Hali huwa mbaya zaidi kwa herufi kubwa, kwa kuwa Ɛ yenye mkwaju hupita kimo ambacho mtunzi wa programu alikikadiria kwa mstari mzima. Dawa yake ni kupima neno zima baada ya alama zake kupangwa, na kuacha nafasi ya ziada juu na chini. Nafasi hiyo haigharimu chochote cha kusemwa.

Ya pili ni masanduku matupu. Haya hutokea fonti iliyotumika isipokuwa na herufi inayotakiwa. Mara nyingi fonti sahihi ipo, ila imechelewa. Katika programu zinazofanya kazi kupitia intaneti, fonti hupakuliwa kutoka mbali, na mahali penye mtandao dhaifu, mathalani katika kisiwa cha Mfangano, huweza kuchukua muda. Maandishi ya kawaida yakikosa fonti huchorwa kwa fonti ya muda, na fonti halisi ikifika huchorwa upya. Picha iliyokwisha kupikwa uani haina bahati hiyo. Ilichorwa kwa fonti ya muda, ikafungwa, na itabaki na masanduku yake hadi mtu aamuru ichorwe tena. Ndiyo sababu kasoro hii huonekana leo na kesho ikatoweka, na fundi akaapa kwamba haipo. Programu inapaswa kungoja uthibitisho kwamba fonti imefika ndipo ianze kuchora.

Ya tatu ndiyo inayostahili kuogopwa. Programu huitazama kila nambari kama herufi inayojitegemea, ikaupa mkwaju chumba chake na nafasi yake katika mstari. Badala ya kukaa juu ya irabu yake, mkwaju husogea kulia na kutua juu ya herufi inayofuata. Katika lugha yenye irabu fupi tupu msomaji atashtuka akiona mkwaju juu ya konsonanti. Lakini Kikuria kina irabu ndefu, ambazo huandikwa kwa kurudia herufi. Silabi iliyonukuliwa ɔ́ɔ, yenye toni ya juu katika mora ya kwanza, huonekana kwenye skrini kama ɔɔ́, yenye toni katika mora ya pili. Hakuna sanduku, hakuna weusi, hakuna kilichokatwa. Picha ni safi kabisa, nayo inasema uongo. Msomaji anayechunguza toni za vitenzi kwa kutazama kamusi hiyo atahesabu mora vibaya na kuuweka wakati mmoja mahali pa mwingine, tena atakuwa na hakika, maana ameona kwa macho yake.

Kipimo cha kugundua kasoro ya namna hii ni kuiomba mashine itaje nambari. Mfuatano wa 0254, 0301, 0254 ni ɔ́ɔ; mfuatano wa 0254, 0254, 0301 ni ɔɔ́. Ikiwa nambari zinasema jambo moja na skrini jambo jingine, maandishi ni mazima na kosa liko uani. Kazi kama hii haihitaji fundi. Programu nyingi za kuhariri maandishi zinaweza kuonyesha nambari za herufi.

Tukiisha kuthibitisha kwamba kosa ni la uchoraji, ndipo twaweza kuingia uani wenyewe. Hapa nitasema kwa ufupi zaidi, maana mambo mengine ni ya fundi, lakini mwanaisimu anayeshirikiana naye anafaa kujua maswali ya kuuliza. Mfumo wa OpenGL, uliopata bafa za uani za namna ya sasa kupitia nyongeza ya mwaka 2005 na kuziingiza katika kiini chake mwaka 2008, unamtaka mtunzi aunganishe bafa na mahali pa kuhifadhia rangi, kisha aulize kama bafa imekamilika. Wengi hawaulizi. Bafa isiyokamilika haichori chochote, na mtazamaji huona weusi. Weusi huo huo hutokea picha ikiwa imechorwa sawasawa lakini imeshindwa kubandikwa: kwa desturi OpenGL hutarajia kila picha ya kubandikwa iwe na nakala zake ndogondogo za kutazamwa kutoka mbali, na zikikosekana bila mtunzi kusema kwamba hazihitajiki, hubandika weusi.

Njia ya kutofautisha hali hizi mbili ni rahisi. Kabla ya kuchora herufi yoyote, bafa ya uani ijazwe rangi kali, tuseme nyekundu. Wekundu ukionekana barazani bila herufi, basi njia ya kutoka uani hadi barazani ni nzima na kasoro iko katika kuchora herufi. Weusi ukibaki, yaliyomo ndani ya bafa yaandikwe katika faili ya picha na kutazamwa kando. Faili ikiwa nyekundu, kasoro iko katika kubandika. Faili ikiwa nyeusi nayo, bafa yenyewe haikukamilika, au mtunzi alikuwa akichora katika bafa nyingine akidhani ni hiyo.

Neno likionekana limebanwa pembeni, au sehemu yake tu imejitokeza, mara nyingi mtunzi amesahau kuiambia mashine kwamba bafa ya uani ina vipimo tofauti na vya skrini. Likionekana kichwa chini, ni kwa sababu OpenGL huhesabu mistari kutoka chini kwenda juu, ilhali faili nyingi za picha huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Utando mweusi mwembamba kuzunguka herufi hutokana na uwazi wa kingo kuhesabiwa mara mbili, uani na barazani. Kwa maandishi ya Kiingereza utando huo ni kero ya macho tu. Kwa mkwaju mdogo juu ya ɛ, wenye upana wa pikseli mbili au tatu katika skrini ya simu, unatosha kuufanya usitambulike kama ni mkwaju au ni uchafu.

Turudi sasa kwa mtafiti aliyeona kasoro na kuamua kuyarekebisha maandishi. Kwa kuwa é huchorwa vizuri na ɛ́ haichorwi, huibadilisha ya pili kuwa ya kwanza katika kamusi nzima kwa amri moja. Skrini hupendeza papo hapo. Lakini tofauti ya irabu hizo mbili imefutika, na hakuna amri ya kuirudisha, kwa sababu mashine haijui tena ipi ilikuwa ipi. Ingekuwa picha imeharibika, ingechorwa upya siku yoyote, hata miaka kumi baadaye kwa programu bora. Maandishi yaliyosawazishwa hivyo yanamhitaji mzungumzaji akae tena asikilize neno baada ya neno.

Na je, mzungumzaji atapatikana? Dholuo ina irabu tisa, na wengine huhesabu kumi, lakini tahajia yake ya kila siku hutumia herufi tano tu na haionyeshi toni. Tahajia hiyo imefaulu kwa sababu wasomaji wake ni mamilioni ya watu waliozaliwa ndani ya lugha. Hujaza wenyewe kisichoandikwa. Kisuba hakina kinga hiyo. Huko Rusinga, Mfangano na Mbita, familia nyingi zimehamia Dholuo kwa vizazi kadhaa, na mtoto wa Kisuba anayejifunza lugha ya babu yake kutoka katika programu hana cha kujaza. Alichochorewa ndicho atakachokisema. Sasa kwa kuwa kila moja ya kaunti hizi ina chuo kikuu chake, cha Rongo katika Migori kilichopewa hati mwaka 2016 na cha Tom Mboya katika Homa Bay kilichopewa hati mwaka 2022, kuna matumaini kwamba kazi za kunukuu lugha hizi zitafanyiwa karibu na wenyewe. Inafaa kanuni ya kutogusa maandishi kwa ajili ya picha ifundishwe pamoja na fonetiki.

Yako pia makosa ya upande wa pili, ambapo picha ni nzuri na maandishi ndiyo mabovu. Dholuo, kama Kiswahili, huandika ng' kwa kibainishi: ng'ato kwa mtu fulani, ng'wen kwa kumbikumbi. Programu za kuandikia hupenda kukigeuza kibainishi hicho kuwa alama ya kufunga nukuu. Kwa macho, tofauti yake ni mkunjo mdogo tu, na katika fonti nyingi haionekani kabisa. Kwa mashine, kibainishi kilichonyooka ni 0027 na kilichopinda ni 2019, na kwa ajili hiyo ng'ato zilizoandikwa kwa namna hizo ni maneno mawili tofauti. Mtu akilitafuta neno katika kamusi ataambiwa halipo, hali analitazama. Hapa hakuna faida ya kuchunguza bafa yoyote. Maandishi yenyewe ndiyo ya kurekebishwa, kwa kuchagua alama moja na kuishikilia katika faili zote; na ipo alama ya tatu, 02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi, si alama ya uakifishaji. Mwandishi huyu anaiona kuwa bora kwa ng' ya Dholuo na ya Kiswahili pia, ingawa kibodi zetu bado hazijaipa kitufe.